Mwana wa Mwalo Hanyimwi Kitoweo

Wewe unayeandika kwenye magrupu kwamba mwendeshaji wa mchezo "anaruhusiwa kukataa chochote", umenichosha. Kila wiki ubishi uleule, kila wiki unamaliza na "mchezo wangu, kanuni zangu", halafu unaweka emoji ya taji. Taji la nini? Hebu kaa chini.

Na we ambaye hujui tunaongelea nini, dakika moja tu. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia dunia, huyo ndiye mwendeshaji. Wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, anamsemea, na penye mashaka wanatupa dadu. Kila mhusika ana asili yake, yaani alikotoka kabla hadithi haijaanza, na ile asili inampa kitu kimoja anachokiweza. Ubishi ni kama kile kitu kifanye kazi siku zote, au mpaka mwendeshaji ajisikie.

Selina Machibya naye alikuwa anabisha kama wewe.

Selina ana steshenari Igogo, Mwanza, chumba kimoja chenye mashine ya kopi, pazia jeupe la kupigia picha za paspoti na stuli nne. Wiki nzima anatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi. Jumamosi saa tisa alasiri anashusha geti nusu, anafunika mashine na kanga, anavuta meza katikati. Mchezo kautunga mwenyewe kwenye kaunta buku, baada ya kusoma kanuni za Wazungu kwenye simu kwa Kiingereza cha kidato cha nne na kamusi iliyochanika. Nchi ya mchezo wake ni ziwa: visiwa, mialo ya kutulia mitumbwi, na watemi wasiopatana. Dadu ni mbili, za ludo.

Walianza watu saba. Mmoja kaoa, mmoja kahamia Geita, wengine wamechoka tu. Wamebaki watatu. Akitoka mmoja tena hakuna meza, na Selina analijua hilo kila Jumamosi anapohesabu stuli.

Wa kwanza kati ya hao ni Okumu Otuoma, fundi friji wa Mkolani. Miaka miwili iliyopita Selina alipobandika tangazo mlangoni watu walicheka, mama mmoja akauliza kama ni dini mpya. Okumu alikuja kutoa kopi ya cheti cha ufundi. Akasoma tangazo mara mbili, akavuta stuli, akauliza, "Tunaanza saa ngapi?" Hakucheka. Selina hajawahi kumsahaulia hilo.

Na Okumu ndiye aliyeandika asili fupi kuliko wote, kwa mkono wake, kwa herufi za fundi zinazolala upande: *Mwana wa mwalo hanyimwi kitoweo.*

Kama umekulia mbali na ziwa, ni hivi. Mtumbwi ukitua mwaloni, ukashika ubavu wake ukasaidia kuuvuta mchangani, unapewa samaki wa kwenda kupika. Hicho ndicho kitoweo. Huombi, unafungua mkono tu. Selina akakubali, akaongeza kanuni moja: aliyekupa kitoweo hawezi kukudhuru wala kukutoa kwa adui mpaka jua lizame. Bila dadu.

Okumu alikitumia kile kitu mara kumi na nne. Kila wakitua, anageuza kiganja chake juu ya meza, kimeangalia dari, anasubiri. Selina anasema "anakupa sato", au "anakupa sangara", na Okumu anafunga vidole polepole kama kweli kashika kitu chenye magamba.

Mara ya kumi na tano Selina alikuwa amechoka.

Wiki nzima alikuwa ameandika kisa cha kufukuzana. Kurasa kumi na moja! Askari wa mtemi wanawakimbiza wachezaji mpaka mwalo wa kisiwa kigeni, hakuna pa kujificha. Halafu Ijumaa akagundua kwamba Okumu akigeuza tu kiganja, wenye mwalo hawawezi tena kuwatoa kwa askari, mambo yote yamekwisha kwa dakika tano. Na Mihayo, dereva bajaji, mchezaji wa pili, alikuwa ameshamjaza maneno.

"Dada Selina, huyu jamaa hatupi hata dadu," Mihayo alimwambia akiwa kaegesha bajaji mlangoni. "Sisi tunatoka jasho, yeye anafungua mkono kama yuko ekaristi. Mkatalie siku moja tuone."

Selina akaingia kwenye magrupu yenu. Mkamwambia anaruhusiwa.

Jumamosi ikafika. Meza imejaa maganda ya karanga, feni inazunguka kwa kujilazimisha.

"Mnatua," Selina akasema. "Mtumbwi umegusa mchanga. Nyuma yenu mitumbwi mitatu ya askari, makasia yao mnayasikia. Mihayo, mshale bado uko kwenye paja."

"Navuja damu tangu saa tisa na nusu," Mihayo akasema. "Nikifa mnizike na miwani yangu."

"Mhusika wako hana miwani."

"Ndo maana kapigwa mshale."

Mama Paskazia akacheka mpaka akashika kifua. Huyu ndiye wa tatu, mshona nguo, miaka hamsini na mbili, mchezoni ni mwizi na anaupenda wizi wake kupita kiasi.

Okumu hakucheka, alikuwa ameinamia meza. "Kuna mtumbwi umetua kabla yetu?"

"Upo. Wanauvuta."

"Natia bega. Navuta nao." Akageuza kiganja mezani. "Halafu nafungua mkono."

Selina akaangalia kaunta buku kama vile jibu limeandikwa mle. "Mzee mwenye beseni anaanza kugawa. Anampa wa kushoto kwako. Anampa wa kulia. Anasimama mbele yako anakuuliza, we wa nani?"

Okumu akainua uso. "Anauliza?"

"Anauliza."

"Mwana wa mwalo."

"Anauangalia mkono wako," Selina akasema. "Halafu anapita."

Feni ikazunguka, ikazunguka tena. Kiganja cha Okumu kilikuwa bado wazi.

"Rudia," akasema.

"Anapita. Hakupi."

"Nitupe dadu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo situpi dadu, na sipewi."

"Okumu, watu wa kisiwa hiki wana hofu na askari, kwa hiyo..."

"Sijakuuliza wana nini."

Mihayo aliyekuwa anaisubiri siku hii kwa hamu akaanza kukwangua meza na ukucha. Mama Paskazia akavua miwani. "Selina mwanangu, imeandikwa pale kwenye karatasi yake."

"Mama, mwendeshaji anaruhusiwa."

"Na nani?"

Selina akataka kusema jina la grupu, akaona litasikika kama upuuzi.

Okumu akasogeza uso karibu. Sauti yake ilishuka, na hiyo ndiyo ilimtisha Selina kuliko kama angepiga kelele. "Umeongea na mama yangu?"

"Nini?"

"Alikuja hapa Jumatano kutoa kopi. Kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu! Alitoa kopi za bima, akaondoka."

"Huyo mzee wa beseni umemtoa wapi?"

"Kichwani, Okumu. Ni mchezo."

"Wa kushoto kapewa, wa kulia kapewa. Kichwani." Akakifunga kiganja, kitupu. Akachukua kalamu ya Selina, akavuta karatasi yake, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya ile sentensi. Hakuchana, hakutukana. Akaweka kalamu palepale ilipokuwa, akainama chini ya geti, akaenda zake.

"Sasa mi nimekufa au sijafa?" Mihayo akauliza, na hakuna aliyemcheka, hata yeye mwenyewe.

Jumapili Selina alipiga simu mara sita. Iliita tu. Jumatatu akamwachia jirani duka, akaenda Mkolani.

Alimkuta Okumu kapiga magoti nyuma ya friji la muuza soda, kichwa kimeingia ndani, miguu nje.

"Nimekuja kuomba msamaha," Selina akaiambia miguu.

"Wa nini? Si unaruhusiwa?"

"Okumu, toka humo. Naongea na soli."

Akatoka. Alikuwa na grisi shavuni na macho ya mtu asiyelala vizuri. Akamwangalia Selina kwa muda, anapima.

"Kweli mama hajakwambia?"

"Haki ya Mungu."

Akakaa juu ya kreti, akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe, akasimulia. Mwezi uliopita shangazi yake alifariki huko kwao Rorya, wakaenda kuzika. Kwao anakujua kwa jina tu, baba yake aliwahamishia Mwanza Okumu akiwa na miaka minne, na mzee hakurudi tena mpaka alipofariki. Ila mzee huyo alikuwa na neno moja analolirudia tangu Okumu yuko darasa la kwanza: wewe ni mwana wa mwalo, ziwa lote hili hunyimwi kitoweo. Basi asubuhi baada ya mazishi Okumu akashuka mwaloni. Mtumbwi ukatua. Akatia bega na wenzake, wakauvuta, akafungua mkono.

"Mzee akashika sato mkubwa tu, akanielekezea. Akauliza, kijana we wa nani? Nikasema, wa Otuoma. Kwa kujidai kabisa." Akakikunja kile kitambaa. "Akarudisha samaki kwenye beseni. Wa kushoto akapewa, wa kulia akapewa. Mi mkono uko hewani. Sijui hata niliushusha saa ngapi."

"Kwa nini?"

"Kumbe baba ndiye aliyewaonyesha watu wa doria makokoro yalikofichwa. Zile nyavu haramu. Zikachomwa pale pale mchangani, za mwalo mzima. Ndo maana tulihama. Mama alikuwa anajua, kanificha miaka ishirini na tano."

Muuza soda akapiga kelele kutoka ndani, "Fundi, vipi, litaganda leo?"

"Litaganda!" Okumu akajibu bila kugeuka. Halafu akasema taratibu, "Pale kwako ndo palikuwa pamebaki. Unanielewa? Sehemu moja. Mara kumi na nne."

"Nakurudishia. Jumamosi hii hii."

"Kwa huruma?" Akasimama. "Selina, siku utakayonipa samaki kwa kunihurumia nitaijua kabla hujafungua mdomo. Usijaribu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwendeshaji ni wewe." Akarudisha kichwa ndani ya friji.

Wiki ile Selina alikosea kopi mpaka wateja wakalalamika. Alikuwa anafungua kaunta buku katikati ya kazi, anasoma zile mara kumi na nne. Alikuwa anaamini kwamba kitu kisichoshindwa kinaua hadithi. Akaikuta Jumamosi ya mwezi wa tatu mwaka jana, siku waliyokuwa wanamsaka muuaji kisiwa hadi kisiwa, wakatua, Okumu akafungua mkono, na aliyempa kitoweo akawa ndiye muuaji mwenyewe. Ikabidi wakae naye kwenye moto mmoja mpaka jua lizame, yeye hawezi kuwagusa, wao wanahesabu silaha zake. Mama Paskazia siku ile alishika rozari! Ilikuwa Jumamosi bora kuliko zote, na ilikuwa bora kwa sababu hakuna aliyeweza kusema hapana.

Pale akaona ujinga wake. Kitu unachopewa siku mwenye nacho kafurahi ni sadaka. Okumu hakuandika sadaka kwenye karatasi yake.

Ijumaa akawasha mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki.

Jumamosi saa tisa akaweka stuli nne. Saa tisa na nusu Mihayo na Mama Paskazia wameshakaa. Saa kumi karanga zimekwisha.

"Mi ndo nilikujaza maneno," Mihayo akasema, anaongea na meza.

"Nilikuwa na masikio yangu mwenyewe."

"Basi tufunge tu, dada. Watu wawili mchezo gani?"

Selina akashika kaunta buku kulifunga, na hapo miguu ikasimama nje ya geti. Soli zilezile.

"Nimefuata karatasi yangu," Okumu akasema kutoka nje.

"Iko hapa. Ingia uichukue."

Akainama, akaingia, hakukaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda."

Selina hakumbembeleza. Alikuwa amejizuia tangu Jumatatu na bado anajizuia. Akagawa karatasi, mbele ya kila stuli ya mchezaji moja, zote mpya, zote zimepigwa laminesheni. Na juu ya kila karatasi, kabla ya jina la mhusika, maneno yaleyale: *Kilichoandikwa kwenye asili hakitupiwi dadu na hakikataliwi. Mwendeshaji haruhusiwi.* Chini yake sahihi yake na muhuri wa duka.

"Jumamosi iliyopita nilivunja kanuni," akasema. "Hadithi ilikuwa inaenda sawa, mi ndo niliivunja. Sasa kanuni ni hiyo, ya wote, siyo ya mtu mmoja."

Mihayo akasoma yake, macho yakamtoka. "Na yangu? 'Ng'ombe yeyote anamtii'?"

"Na yako."

"Dada, tuko ziwani! Miaka miwili sijaona ng'ombe hata mmoja kwenye huu mchezo!"

"Nimekuandikia mwaka huu unamwona."

Okumu akaichukua yake. Ile sentensi ilikuwa pale, herufi zake mwenyewe zinazolala upande, kopi ya ile ya zamani kabla ya mstari, Selina alikuwa ameitunza kwenye faili. Akapitisha kidole gumba juu ya plastiki.

"Kalamu haishiki hapo," Mama Paskazia akasema.

Akavuta stuli. Akakaa.

"Mtumbwi umegusa mchanga," Selina akasema, akiogopa kupumua kwa nguvu. "Askari watatua muda wowote. Unafanya nini?"

"Nauvuta mtumbwi wa wavuvi waliotutangulia."

"Unauvuta."

"Natia bega."

"Umetia."

Mkono wa Okumu ulikuwa chini ya meza na Selina hauoni. Akahesabu feni mizunguko mitano, sita. Akajua akisema neno moja la kumsaidia, kamkosa.

Mkono ukapanda. Ukakaa mezani, ukageuka.

"Mzee wa beseni anakupa sato," Selina akasema. "Mzima, bado anapiga mkia."

Vidole havikufunga. "Kaniuliza mi wa nani?"

"Hajauliza."

"Mi namwambia. Namwambia mi ni wa Otuoma."

Miaka miwili hajawahi kulitaja jina lile mezani. Mama Paskazia akaangalia huku na huku, hajui kinachotokea ila anajua kinatokea. Hili halikuwa kwenye kurasa kumi na moja.

"Mzee anamjua?" Okumu akauliza. Alikuwa anamtazama usoni moja kwa moja, anaiwinda huruma.

Selina akamsukumia dadu. "Samaki ameshatoka mkononi kwake, hilo limekwisha. La baba ni lingine. La baba tunatupa."

Okumu akazikoroga kiganjani, akazitupa. Mbili na moja.

"Uwii," Mihayo akanong'ona.

"Tatu," Selina akasema, na sauti haikulainika. "Mbaya. Sema wewe, mzee anasemaje?"

Okumu akasema kwa sauti ya mtu mwingine, kavu, ya kizee. "Baba yako alituchomea nyavu. Hapo hapo unapokanyaga." Akarudi kwenye sauti yake. "Anamchukua samaki?"

"Hawezi, ameshakupa. Lakini hajakusamehe." Selina akainuka kwenye stuli bila kujua. "Na nyuma yako mitumbwi mitatu inagusa mchanga. Askari wanashuka. Mkubwa wao anasema, tupeni huyo. Mwalo mzima unamwangalia mzee. Mzee anakuangalia wewe, anaangalia sato, analiangalia jua, bado liko juu. Anaweka beseni chini. Anaokota kasia." Akavuta pumzi. "Anakupita, anasimama kati yako na askari. Anakwambia bila kugeuka: kula, mtoto wa Otuoma. Mimi na wewe tutagombana jua likizama."

Okumu akafunga vidole, kimoja kimoja.

"Nipeni moto," akasema. "Namchoma sato. Halafu namsubiri mzee. Tugombane."

"Na paja langu?" Mihayo akauliza.

"Utakula mkia," Okumu akamjibu, na Mama Paskazia akacheka mpaka watu wa nje wakachungulia chini ya geti.

Basi. Fungua daftari lako leo, we mwenye taji. Tafuta ile sentensi uliyomruhusu mwenzako aandike siku ya kwanza, ambayo tangu wiki jana unatafuta namna ya kuikwepa. Jumamosi akifungua mkono, mpe.